Sura ya 6: Mguu Juu ya Pedali

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Marekani, na Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi wake, akaipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyoipokea na ya siku yenyewe. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kutafuta eksirei zitokazo kwenye nyota. Ilifanya kazi hadi 1973, ikatuachia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei angani, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2002. Watu wengi wa Malindi wanajua kwamba roketi zilirushwa Ngomeni. Wachache wameambiwa kwamba elimu ya eksirei za angani ilipata jicho lake la kwanza la kudumu kutoka kwenye maji yao.

Ilibidi jicho hilo lipelekwe juu kwa sababu hewa haipitishi eksirei za nyota. Anga lililo juu ya vichwa vyetu lina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10 hivi, na eksirei zinazosafiri kutoka mbali zinaishia humo. Hazimfikii mvuvi wa Ngomeni wala mkulima wa Marafa. Eksirei ambazo mtu wa pwani atakutana nazo maishani mwake zitatoka kwenye mtambo uliowashwa na binadamu mwenzake, karibu kabisa na mwili wake, na karibu zote atazipata hospitalini. Miongoni mwa mitambo hiyo upo mmoja unaoweza kuziwasha kwa nusu saa, saa nzima, au zaidi, kwa mgonjwa mmoja aliyelala kitandani. Ni ule wa kutibu moyo kupitia tundu dogo, ulio katika chumba ambacho wenyewe hospitalini hukiita kathilabu.

Ni chumba chenye kitanda chembamba, skrini kubwa, na mkono wa chuma wenye umbo la herufi C unaoweza kuzungushwa kuufuata mwili wa mgonjwa. Chini ya kitanda, kwenye ncha moja ya mkono huo, iko tyubu inayotoa eksirei. Juu ya kifua, kwenye ncha ya pili, kiko kipokezi kinachozigeuza eksirei zilizopenya kuwa picha. Daktari hutoboa tundu kwenye paja au kifundo cha mkono, hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, na kuusogeza hadi moyoni huku macho yake yakiwa kwenye skrini. Moyo hautulii, kwa hiyo picha moja haimfai. Anahitaji picha nyingi kila sekunde. Kila anapokanyaga pedali iliyo sakafuni, eksirei hutoka. Akiondoa mguu zinakoma papo hapo, na hakuna chochote kinachobaki chumbani, kitandani wala mwilini mwa mgonjwa kikiendelea kutoa mionzi.

Katika kaunti ya Kilifi, wanaohitaji chumba hicho ni wa makundi mawili makubwa. Wako watu wa makamo na wazee wenye shinikizo la damu na kisukari, ambao mishipa inayoulisha moyo imeanza kuziba. Na wako vijana, wengine bado wanafunzi, waliougua homa ya baridi yabisi utotoni baada ya maambukizi ya koo yaliyoachwa bila dawa, ikawaachia valvu za moyo zilizokakamaa na kushikana. Kilifi inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria tangu KEMRI na Wellcome Trust walipoanza kazi yao kando ya hospitali ya Kilifi mwaka 1989. Moyo haujapata umaarufu huo. Mgonjwa wa Malindi au Ganze hupewa barua ya rufaa ya kwenda Mombasa, na mara nyingi Nairobi, na huko ndiko anakouona mtambo huu kwa mara ya kwanza, akiwa amevaa gauni la hospitali, sindano ya dripu iko mkononi, na maswali yote aliyotoka nayo nyumbani yamemtoka.

Mtambo huu una deni kwa watu waliothubutu. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alijitia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akashuka kwa miguu hadi chumba cha eksirei, na kujitazama ncha ya mrija ikiwa ndani ya moyo. Mwaka 1958 Mason Sones wa Cleveland akafungua njia ya kuipiga picha mishipa ya moyo, 1977 Andreas Grüntzig wa Zurich akaipanua kwa puto, na 1984 Kanji Inoue wa Japani akachapisha namna ya kufungua kwa puto valvu iliyoshikana. Hii ya mwisho ndiyo imewafaa sana vijana wa Afrika Mashariki. Kijana aliyekuwa hawezi kupanda ngazi hutoka hospitalini baada ya siku chache bila kifua chake kupasuliwa.

Sasa tuitazame gharama ya mionzi kwa namba. Kwa wastani wa dunia, mtu hupata mionzi ya milisiveti 2.4 (sehemu za elfu za siveti, kipimo cha athari ya mionzi mwilini) kwa mwaka kutoka ardhini, hewani, kwenye chakula na angani. Ziko sehemu zenye zaidi. Kilima cha Mrima huko Kwale, chenye kaya ya Wadigo na miamba yenye thoriamu, ni mojawapo. Eksirei ya kifua ni kitu kidogo, kati ya milisiveti 0.02 na 0.1. Kuchunguza mishipa ya moyo kwa kathilabu ni kama 7, na kuizibua na kuweka stenti, kijibomba cha waya kinachoushikilia mshipa wazi, ni kama 15, ingawa kazi ngumu huweza kupita hapo kwa mbali. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inakadiria kwamba siveti 1 nzima huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa asilimia 5 hivi. Ukiteremka na hesabu hiyo hadi milisiveti 10, unapata nyongeza ya mtu 1 katika 2,000. Mtu ambaye kifua kinambana leo, na mshipa wake umebaki na upenyo wa uzi, asiikimbie tiba kwa ajili ya hesabu hiyo. Moyo utamuua kwanza.

Nimetanguliza haya ili ninachotaka kusema kisichukuliwe kuwa vita dhidi ya mtambo. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya mionzi inayotolewa katika vyumba hivi inaweza kuondolewa bila mgonjwa kupoteza hata chembe ya matibabu yake, na kwamba njia za kuiondoa hazitaki fedha nyingi. Zinataka mazoea. Pwani yetu inapojipanga kuwa na huduma zake za moyo, mazoea hayo yanapaswa kuingia chumbani siku ile ile mtambo unapoingia.

Ili uone kwa nini mazoea yana nguvu kiasi hicho, inabidi ujue mionzi inayomfikia daktari inatoka wapi hasa. Wengi hudhani inatoka kwenye tyubu. Tyubu imefunikwa kwa risasi, na mwale wake umeelekezwa juu, kwenye mgongo wa mgonjwa. Washa karabai mbele ya ukuta uliopakwa chokaa katika nyumba ya kale ya Shela, Malindi, kisha ipe taa mgongo: bado utauona uso wa mwenzako, kwa sababu ukuta unawamulika. Mgonjwa ndiye ukuta huo. Katika kila eksirei 100 zinazoingia mgongoni mwake, chache mno hutokea upande wa kifuani na kukifikia kipokezi. Nyingine humezwa na mwili, na nyingine hugonga, zikapinda na kutawanyika kila upande wa chumba. Ukisimama mita 1 kutoka kwake, kinachokufikia ni kama sehemu 1 katika 1,000 ya kilichomwingia yeye. Kwa siku moja hicho ni kidogo. Kwa daktari, muuguzi na radiografa wanaosimama hapo wiki baada ya wiki kwa miaka 20, kinakuwa kitu kingine.

Kutokana na hilo linafuata jambo ambalo napenda kulirudia kila ninapopata nafasi: maslahi ya mgonjwa na ya mhudumu ni yale yale. Chochote kinachopunguza mionzi inayomwingia mgonjwa kinapunguza, kwa kiasi hicho hicho, inayotawanyika kutoka kwake. Daktari anayemhurumia mgonjwa wake anayalinda macho yake mwenyewe.

Anza na mguu. Daktari akiinua kichwa kumuuliza muuguzi jambo huku mguu ungali juu ya pedali, eksirei zinaendelea kutoka na hakuna anayezitazama. Mitambo ya leo huiweka picha ya mwisho kwenye skrini hata baada ya mguu kuondoka, na picha hiyo inatosha kwa kufikiri, kushauriana au kuchagua stenti. Kanuni ni rahisi kuisema: macho yakitoka kwenye skrini, mguu utoke kwenye pedali. Kuishika ni kazi ya miezi, kwa sababu mguu wa mtu aliyezama kwenye kazi ngumu hujisahau. Ndiyo maana napenda vyumba ambamo radiografa, hata akiwa kijana kuliko wote, ana ruhusa ya kusema kwa sauti, "Daktari, mguu," na daktari akashukuru.

Halafu kuna kasi. Mitambo mingi ilianza ikiwa imepangwa kutoa picha 15 kwa sekunde. Kwa kazi nyingi, picha 7.5 zinatosha, na mionzi inashuka kukaribia nusu. Jicho la daktari hulalamika siku chache za mwanzo, likazoea. Kuna pia tofauti kubwa kati ya kutazama na kurekodi. Picha za kurekodi, zile zinazohifadhiwa ziwe safi, hutumia mionzi mara 10 au zaidi ya zile za kutazama tu. Daktari anayerekodi kila puto linapojazwa, ili tu ushahidi ubaki, anamlipisha mgonjwa kwa jambo ambalo mtambo unaweza kulihifadhi kwa gharama ndogo kutoka kwenye picha za kutazama.

Yako na mambo ya mkono. Kipokezi kishushwe karibu na kifua kadiri inavyowezekana, na kitanda kiinuliwe mgongo ukae mbali na tyubu. Dirisha la mwale libanwe liufunike moyo peke yake, kwa kuwa mapafu na uti wa mgongo havitibiwi siku hiyo. Picha isikuzwe pasipo haja, kwani katika mitambo mingi kukuza kunaongeza mionzi. Mkono wa C usilazwe sana upande mmoja bila sababu, maana mwale uliolala hupita kwenye nyama nyingi zaidi kabla ya kutokea. Na hapa liko jambo ambalo mtambo haumwambii mtu: unajirekebisha wenyewe. Picha ikififia, unaongeza mionzi kimya kimya hadi ing'ae tena. Kila sentimita 3 au 4 za nyama zinazoongezeka njiani huulazimisha utoe takriban maradufu. Mgonjwa mnene, pembe iliyolala, kipokezi kilichoachwa juu na picha iliyokuzwa vikikutana, kinachotoka chini ya kitanda kinaweza kuwa mara nyingi ya kile ambacho daktari anadhani anakitumia, na skrini inaonyesha picha nzuri tu.

Kuhusu umbali, hesabu ni ya kufurahisha. Ukiongeza umbali wako maradufu kutoka kwa mgonjwa, mionzi inashuka hadi robo. Muuguzi anayesogea nyuma hatua mbili wakati wa kurekodi anapata kinga ambayo hakuna duka linaloiuza. Daktari mwenyewe hawezi kusogea sana kwa kuwa mikono yake iko kwenye mrija. Anayetumia njia ya kifundo cha mkono, ambayo humwepushia mgonjwa kuvuja damu, mara nyingi hupata mionzi zaidi kidogo kuliko anayetumia paja. Sishauri mtu aiache njia ya mkono kwa sababu hiyo. Ngao ndiyo iongezwe.

Ngao ni tatu au nne, na kila moja ina kazi yake. Aproni ya risasi inakinga kiwiliwili, na kola yake inakinga tezi ya shingo. Pazia la risasi linaloning'inia ubavuni mwa kitanda linakinga miguu, na lina umuhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtawanyiko ni mkali zaidi upande ule mwale unakoingilia, yaani chini. Kioo cha risasi kinachoshuka kutoka darini kinakinga uso. Aproni inavaliwa na kila mtu kwa kuwa bila hiyo huruhusiwi kuingia. Kioo cha darini ndicho kinachosukumwa pembeni, ati kinazuia mkono, na hapo ndipo macho yanapoanza kulipa.

Habari ya macho inastahili kukaliwa kidogo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Kenya ni mwanachama wake tangu 1965, liliandaa uchunguzi wa macho ya watu wanaofanya kazi katika vyumba hivi. Matokeo ya Bogotá, Kolombia, yalichapishwa 2010: asilimia 38 ya madaktari wa moyo waliopimwa walikuwa na mabadiliko nyuma ya lenzi, ya aina inayoletwa na mionzi, wakati katika watu wasiofanya kazi hiyo ilikuwa asilimia 12. Kwa wauguzi ilikuwa asilimia 21. Malaysia, mwaka huo huo, ilikuwa asilimia 52 ya madaktari dhidi ya 9 ya wasiohusika, na wasaidizi wao walikaribia nusu. Wengi hawakuwa na habari, kwa sababu mtoto wa jicho wa aina hii huanza bila kusumbua. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ikakishusha kiwango cha juu cha jicho la mfanyakazi kutoka milisiveti 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20, sawa na kile cha mwili mzima. Tazama tena namba za wauguzi. Daktari ana kioo cha darini mbele yake. Muuguzi anayempa dawa mgonjwa upande wa kichwani mara nyingi hana. Miwani ya risasi ni ghali, lakini ni nafuu kuliko macho ya muuguzi wa miaka 35.

Aproni nayo ina bei yake. Ina uzito wa kilo kadhaa, na mtu huibeba saa nyingi akiwa amesimama, katika joto na unyevu wa pwani ambapo umeme ukikatika kiyoyozi ndicho kinachonyamaza kwanza. Maumivu ya mgongo ni ugonjwa unaojulikana wa kazi hii. Kwa hiyo anayenunua mtambo anunue na aproni za vipande viwili, koti na sketi, uzito ugawanyike kati ya mabega na kiuno, na anunue vimo mbalimbali, vya wanawake vikiwemo. Aproni inayompwaya muuguzi kwenye kwapa inaacha titi lake wazi upande ule ule mgonjwa alipo.

Kipo pia kibeji kidogo cha kupimia mionzi. Viwili ni bora kuliko kimoja: kimoja ndani ya aproni, kingine nje kwenye kola, karibu na macho. Kibeji hakimkingi mtu na kitu chochote. Kinasema tu ukweli baada ya mwezi au miezi mitatu. Anayekiacha kabatini ili kisijaze anajinyima mwenyewe habari. Hili ni zito zaidi katika kambi za matibabu, zile zinazofanywa katika taasisi kama ile ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wataalamu wageni hujiunga na wenyeji na wagonjwa wengi hutibiwa kwa siku chache. Kambi hizo zimeokoa watoto wengi na nazithamini sana. Lakini wageni huja na kuondoka, na wenyeji hubaki. Mionzi ya wiki nzito huhesabiwa kwenye vibeji vya wenyeji, pamoja na ile ya wiki zote nyingine za mwaka.

Nirudi kwa mgonjwa, kwenye ngozi ya mgongo wake, kwa sababu hapa ndipo madhara ya haraka yanapotokea, na ndipo umbali kati ya Mombasa au Nairobi na vijiji vya Kilifi unapokuwa hatari yenyewe.

Ngozi ikipata grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi inayomezwa na mwili) mahali pamoja inaweza kuwa nyekundu kwa muda. Ikipata zaidi, nywele hunyonyoka. Ikipata nyingi mno, inakuwa kidonda kinachokataa kupona. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu majeraha haya mwaka 1994. Kwa wagonjwa walio wengi hayatokei. Hutokea pale kazi inapokuwa ndefu na mwale umekaa pembe moja tangu mwanzo hadi mwisho, ukiingilia kiraka kile kile cha ngozi, na pale mgonjwa anaporudishwa mezani kabla mgongo haujapumzika. Kinga yake ni kubadilisha pembe kila baada ya muda, hata kidogo, ili mzigo ugawanywe kwenye ngozi pana.

Ugumu ni kwamba jeraha kubwa halijitokezi siku ile. Huja baada ya wiki 2, 3, au miezi, na huja mgongoni, mahali mwenyewe hapaoni. Fikiria mzee wa Bamba aliyezibuliwa mshipa Nairobi. Wiki ya tatu mkewe anaona kiraka chekundu chini ya bega la mumewe, chenye kingo zilizonyooka kana kwamba zimepigwa rula. Wanakwenda zahanati. Mhudumu hana sababu ya kuukumbuka moyo, anaona ngozi. Atatoa dawa ya fangasi, au atauliza kama mzee alilalia kitu cha moto. Miezi inapita, kidonda kinachimba. Huenda mtu akaamua kukata kinyama kukipeleka maabara, na kwenye ngozi iliyochomwa na mionzi hilo linaweza kufungua jeraha lisilofungika. Kila mmoja katika mlolongo huo ametenda kwa nia njema, na kilichokosekana ni karatasi moja.

Hali nyingine inayonigusa sana ni ya mama mjamzito. Valvu iliyoharibiwa na baridi yabisi inaweza kumstahimilia msichana miaka mingi. Akishika mimba, damu mwilini huongezeka, moyo unatakiwa kusukuma zaidi kupitia mlango uliobana, na mapafu yanaanza kujaa maji. Wengine hugunduliwa kliniki ya wajawazito, wakiwa hawajawahi kusikia kwamba wana ugonjwa wa moyo. Dawa zikishindwa, puto linaweza kumwokoa yeye na mtoto. Familia hushtuka, na haki wanayo: eksirei na mimba!

Jibu la uaminifu ni hili. Mwale unaelekezwa kifuani, na kinachomfikia mtoto ni mtawanyiko unaopita ndani ya mwili wa mama mwenyewe. Kwa hiyo aproni iliyofungwa tumboni humpa mtoto msaada mdogo, ingawa humtuliza mama, na utulivu una thamani yake. Msaada mkubwa unatoka kwingine: kusubiri, ikiwezekana, hadi miezi 3 ya kwanza ipite; kupitisha waya kutoka pajani hadi kifuani bila kuwasha eksirei juu ya tumbo; kutumia kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho hakina mionzi kabisa, kuongoza sehemu ya kazi; na kumpa kazi hiyo daktari mwenye mkono mwepesi kuliko wote waliopo. Ikifanywa hivyo, mtoto hupata kiasi kilicho chini sana ya miligrei 100, kiwango ambacho chini yake madhara ya maumbile hayatarajiwi. Na kwa muuguzi mjamzito anayefanya kazi humo, kanuni za kimataifa zinataka mtoto asizidishe milisiveti 1 kwa muda uliobaki wa mimba tangu mama aseme. Asiadhibiwe kwa kusema. Muuguzi anayeogopa kupoteza zamu zake ataificha mimba hadi mwezi wa tano.

Mawimbi hayo ya sauti yanastahili neno zaidi, kwa sababu mionzi bora ni ile isiyohitajika. Wagonjwa wengi wanaweza kueleweka vizuri kwa kipimo hicho kabla ya kusafirishwa, na kadiri hospitali za Kilifi na Malindi zinavyokuwa na watu wanaojua kukitumia, ndivyo wachache zaidi watakavyolazwa chini ya mkono wa C kwa ajili ya kutazamwa tu.

Watu wa Kilifi si wageni wa mjadala wa mionzi. Mpango wa kujenga kinu cha nyuklia Uyombo, karibu na Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke, uliwaingiza wakazi barabarani, na mwaka 2024 maandamano yao yalikutana na polisi. Walichokuwa wakidai, pamoja na mambo ya ardhi na bahari, ni kuelezwa: nani atapima, nani atatuambia, na tutamshtaki nani. Hayo ni maswali mazuri, na yanafaa kuulizwa pia mlangoni mwa chumba cha eksirei, ambako mionzi inaingia miilini mwa watu leo hii kwa idhini yao.

Sheria ipo ya kuyajibu. Tangu 1982 Kenya ilikuwa na Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi na bodi yake. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 ikaweka mahali pake Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya. Kipimo cha mgonjwa nacho kipo tayari. Mitambo ya kathilabu ya miaka hii huonyesha yenyewe, kazi ikiisha, jumla ya grei zilizotolewa na dakika pedali ilipokuwa chini. Hakuna haja ya kununua kitu. Namba iko kwenye skrini, inasubiri mtu wa kuinakili.

Mgonjwa anaweza kuiomba. "Daktari, naomba niandikiwe kiasi cha mionzi nilichopata" ni ombi la adabu, na halimvunjii mtu heshima. Jamaa anaweza kuliomba kwa niaba yake. Miongozo ya wataalamu wa Marekani inasema jumla ikifika grei 5, mgonjwa aambiwe na apigiwe simu baada ya mwezi mmoja hivi. Ikipita 10, aitwe mgongo wake ukaguliwe kwa macho ndani ya wiki 2 hadi 4. Kwa mtu anayeishi kilomita mia kadhaa kutoka hospitali, ukaguzi huo unaweza kufanywa na zahanati ya karibu, mradi barua ya kuruhusiwa iseme wazi: tarehe ya kazi, grei zilizotolewa, dakika za eksirei, sehemu ya mgongo iliyoelekezewa mwale, ishara za kutazama, katazo la kukata ngozi hiyo, na nambari ya simu inayopokewa na mtu wa chumba chenyewe cha kathilabu, si ya mapokezi, kwa sababu mhudumu wa zahanati ya Bamba atakayekiona kiraka hicho wiki ya tatu anahitaji kuzungumza na mtu aliyekuwepo.